Hoteli yetu idara hazisemeshani, niwafanyie kitu gani?

Binti_Ngambo: Asalaam aleikum jamani. Tuko watu 34, wa jikoni hawasemeshani na wa mapokezi, wa usafi wako kivyao, meneja kanipa siku moja masika hii wageni wachache nitafute cha kutukutanisha. Mwaka jana ilikuwa mpira, wanaume wakafurahi sie wanawake tukakaa juani kupiga makofi, sitaki tena vile. Nafikiria boti mpaka kisiwa cha Changuu tukatizame kobe, mwasemaje?

Mtu_wa_Wete: Waaleikum salaam dada. Changuu pazuri na si mbali, lakini masika bahari yachafuka na wapo wanaoogopa maji, hawatokwambia, watasema wanaumwa. Halafu kobe mtu atawatizama na rafikiye yule yule. Miye naona mpike, pigeni kura makundi yachanganyike, mpishi mkuu akae kwenye mbuzi akune nazi na wa usafi ndo aongoze pilau, wakimaliza wale sinia moja watano watano. Kazini kwetu tulifanya hivyo na watu walokuwa hawasalimiani sasa wanaitana kwa majina.

Mama_Chukwani: Nakubali, na mchana ongeza rede au kuvuta kamba ila asilazimishwe mtu. Kubwa zaidi iwe siku ya kazi yenye malipo, usiwalie siku yao ya mapumziko, watu wana watoto.

Binti_Ngambo: Ahsanteni sana, hilo la malipo sikulifikiria kabisa. Kesho namwambia meneja, na wa usafi ndo nitaanza kuwauliza.