Serikali ikibadilika, mpiga kura anapata nini zaidi ya picha mpya ukutani?

Mzee Kalamu:
Wakuu, salaam.

Nimepiga kura mara tano. Mara mbili upande wangu ulishinda. Ile ya pili nilikesha na redio, matokeo nayaandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu, asubuhi akagombezwa na mwalimu wake. Nikajua tumeshavuka.

Miezi saba baadaye nikaenda ofisi moja ya serikali kufuatilia hati ya kiwanja iliyokwama tangu utawala uliopita. Picha ya mkuu mpya wa nchi ilitundikwa palepale ilipokuwa ya zamani, ila fremu yake ni ndogo, kwa hiyo ukuta uliokuwa umefunikwa miaka yote ulichungulia pande zote, rangi bado mpya. Chini ya picha, karani yuleyule. Jibu lilelile: "Faili halionekani, njoo wiki ijayo."

Tujibizane bila ushabiki. Mtu wa kawaida anafaidika nini?

Kinyozi wa Hoja:
Mkuu, umepimia kwa karani, lazima uone patupu. Karani hapigiwi kura.

Angalia Kenya. Chama cha KANU kiliongoza tangu uhuru wa 1963 mpaka Desemba 2002. Mwai Kibaki wa upinzani akaapishwa kuwa rais tarehe 30 mwezi huo, na Januari 2003 ada za shule za msingi za umma zikafutwa. Hazikupita hata wiki chache. Mwaka uliofuata Kimani Maruge, babu wa miaka 84, akavaa kaptula na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza kule Eldoret. Angekuwa hai ningekutuma ukamuulize yeye.

Sina Chama:
Na serikali hiyohiyo haikumaliza miaka miwili kabla kashfa ya Anglo Leasing, ile ya zabuni hewa za serikali, haijalipuka. Tusichambue kumbukumbu kama mchele.

Kuna na Ugiriki. Januari 2015 wakakichagua chama cha Syriza kikapambane na masharti ya wakopeshaji wa nchi. Julai wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanayakubali masharti hayo, zaidi ya asilimia 60 wakasema hapana. Wiki moja tu baadaye waziri mkuu, Tsipras, akakubaliana na wakopeshaji haohao. Dereva kabadilishwa, hesabu ya jioni inapelekwa kwa tajiri yuleyule.

Mama Wawili:
Sina Chama, hilo la tajiri nimelipenda, ila mimi hupima kwa kingine. Naangalia waliorudi madarakani wameshindwa kufuta nini.

Uingereza, chama cha Labour kilishinda 1945, na Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ikaanza. Wapinzani wao Conservative, ambao bungeni waliupigia muswada ule kura ya hapana, wakarudi 1951. Hawakuthubutu kuivunja. Waliopiga kura ile wengi wao wameshazikwa, vitukuu wanatibiwa kwayo mpaka leo. Ghana nako, Rais Akufo-Addo alileta sekondari ya bure 2017, mpinzani wake Mahama akarudi madarakani Januari 2025, na bado ipo. Ukikaa ukisubiri mabadiliko ndani ya miezi saba, baba, utachoka bure.

Kinyozi wa Hoja:
Hati je, Mzee? Ulikata tamaa?

Mzee Kalamu:
Niliipata. Sikusema mwanzoni kwa sababu inaniharibia hoja.

Mbunge wetu wa zamani alizoea kupita bila kupingwa, simu yake inapokelewa na msaidizi, na msaidizi naye yuko kikaoni. Huyu wa sasa alishinda kwa tofauti ya kura 41. Anapokea mwenyewe, hata saa nne usiku! Nilimweleza, akaja na mimi mpaka pale dirishani, akasimama tu, wala hakufoka. Faili lilikuwa kwenye droo ya meza. Droo hiyohiyo ambayo karani alikuwa anaegemeza goti kila akiniambia halionekani.

Na chama cha mbunge huyo sicho nilichokipigia kura.

Sina Chama:
Kumbe zilizokusaidia ni zile 41, siyo serikali.

Mzee Kalamu:
Nalitafakari hilo tangu jana.

Mama Wawili:
Na karani?

Mzee Kalamu:
Yupo. Siku hizi ananipa shikamoo.