Wauzaji wa nodi, acheni kujibu "ongeza gesi" kila muamala ukigoma!

Wakubwa wa Lubumbashi, na ndugu wa Goma na Bukavu mnaolipia huduma hiyohiyo ya nodi (kompyuta za mtandao wa Ethereum tunazopitia kutuma na kukagua miamala), hili jibu la "ongeza gesi" (kipimo cha kazi ya mtandao tunacholipia) limetugharimu vya kutosha.

Risiti ya muamala mmoja uliogoma inasema status 0x0 (umeshindwa), kikomo cha gesi 200,000, iliyotumika 48,211. Gesi ikiisha kweli huliwa yote. Hapa zaidi ya 150,000 imerudi. Mkataba (programu iliyo kwenye mtandao wenyewe) ndio uliokataa. Na hata ikiliwa yote si ushahidi: mkataba wa USDT (sarafu ya kidijitali ya dola) kwenye Ethereum ni wa Solidity (lugha ya kuandikia mikataba) ya zamani, 0.4, ambamo salio lisipotosha, ukaguzi wa assert huangukia "invalid opcode" (amri batili) na kumeza gesi yote. Ukiongeza kikomo unaongeza hasara.

Kinachoudhi zaidi ni jaribio lao. Wanarudia data kwa eth_call (mwito wa kujaribu bila kutuma) kwenye namba ya bloku (fungu la miamala) ileile, inapita, halafu wanaandika "kwetu hakuna shida". Lakini eth_call hapo husoma hali (masalio na data zote) ya mwisho wa bloku! Muamala wa nafasi ya 87, kuhesabu kuanzia 0, ulikuta hali iliyoachwa na miamala 87 iliyoutangulia. Wa 86 unaweza kusogeza bei ya dimbwi la kubadilishia sarafu, wa 88 ukairudisha. Ukiweka bloku ya kabla yake ni bure vilevile, maana ile miamala 87 inakuwa bado haijatokea.

Dawa ni debug_traceTransaction: nodi hushika hali ya bloku mzazi, hurudia yote yaliyotangulia kwa mpangilio, ndipo inafuatilia wa kwako. Weka tracer (kifuatiliaji) "callTracer" na timeout "60s", kwa sababu Geth (programu ya kuendesha nodi) ukiiacha hukata baada ya sekunde 5. Bila tracer utamwagiwa kila opcode na stack yake (data inayoshikwa wakati huo), na mega zako zote za intaneti zitaishia hapo. Shuka hadi mwito wa ndani kabisa wenye error. Output ikianza na 0x08c379a0 (alama ya kosa lenye maelezo), baada ya alama hiyo ruka baiti 32, kisha 32 za urefu, na maneno ya sababu yanafuata. Ikianza na 0x4e487b71 (alama ya kosa la namba, Panic), tazama mwisho, kwa heksadesimali: 11 ni hesabu kufurika, 12 ni kugawa kwa sifuri. Kwa bloku nzima tumia debug_traceBlockByNumber mara moja. Ukiuliza mmoja mmoja, nodi inaanza upya kila mara.

Sasa wizi wenyewe uko hapa. Wanauza "nodi kamili", na nodi kamili ya Geth kwa kawaida hubaki na hali za bloku 128 tu. Kwa bloku za sekunde 12, hizo ni dakika kama 25. Kambiste (mbadilisha fedha) wa pale Kenya, mtaa wa Lubumbashi, analalamika kesho yake, hali imeshafutwa. Nodi ya kumbukumbu yote inataka terabaiti kadhaa za diski, na kwa umeme huu unaokatika nani ataiwasha nyumbani?

Andikeni kwenye bei: debug (hizi amri za kufuatilia) ipo au haipo, kumbukumbu ni ya bloku ngapi. Na waliolipia debug wakanyimwa, warudishieni dola zao za mwezi huu.