Naomba ushauri: panya wa pande mbili za barabara wamefanana vinasaba

Mtegaji: Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya pili, utafiti wangu ni panya wa Mikumi, pande mbili za barabara ya Morogoro–Iringa. Nilitegemea lami iwe imewatenga, kila upande wazaane wenyewe kwa wenyewe hadi vinasaba vipishane. Majibu ya maabara yametoka: kama mapacha! Msimamizi anataka maelezo Jumatatu. Nifanyeje?

Mama Nasra: Sali kwanza mwanangu, kisha ulale.

Dereva wa Tunduma: Kipande hicho nakijua, kama kilomita 50 ndani ya hifadhi. Ukigonga mnyama ni faini. Mimi niligonga nungunungu usiku, miiba ikatoboa tairi, nikakesha ndani ya lori nasikiliza fisi. Panya wanavuka bwana, nawaona kwenye taa.

Jini la Jeni: Kuvuka mmoja mmoja si hoja, hoja ni kufika na kuzaa. Dogo usiogope. Gerlach na Musolf, mwaka 2000, walipima panya wa msituni huko Ujerumani na Uswisi: barabara kuu iliwatenga, ya kawaida na reli hazikuwatenga. Na wakiwa wengi, tofauti huchelewa kujitokeza. Ila mitego ya upande wa kaskazini uliiweka umbali gani toka lami?

Mtegaji: Ilitofautiana.

Jini la Jeni: Ilitofautiana vipi?

Mtegaji: Sawa. Usiku wa pili tulisikia simba, msaidizi akagoma kuvuka. Mitego iliyobaki tukaitega kusini kulekule, kilomita mbili mbele. Lakini kwa panya kilomita mbili si ni mbali kuliko lami ya mita chache? Na sura ya nne nimeshaiandika.

Jini la Jeni: Yaani umepima panya wa upande mmoja, ukashangaa wamefanana?

Mama Nasra: Uongo haufiki mbali, mwanangu.

Kiroboto: Chai hii, ongezeni sukari. Mtafiti haachwi hifadhini usiku bila askari mwenye bunduki. Wako alikuwa wapi?

Mtegaji: Ndiye aliyesema tuondoke.

Kiroboto: Juu hapo aligoma msaidizi. Leta picha ya kibali.

Dereva wa Tunduma: Au ya simba.

Mtegaji: Nimekuja kuomba ushauri, si kuhojiwa. Anayejua, kubaindi nakala tano Morogoro mjini wanachukua siku ngapi?