Hospitali wanajua kutoa mofini, kuipokea ikibaki hawajui!

Jamani watu wa Mombasa, leo nimechoka. Mamangu alifanyiwa upasuaji wa nyonga katika hospitali ya kibinafsi hapa kisiwani. Siku ya kutoka tukajaziwa mfuko: Panadol, tramadol na chupa ya mofini ya maji, hizi mbili za mwisho dawa kali za maumivu zinazolevya. Alhamdulillahi maumivu yakapoa mapema. Tramadol ikabaki karatasi nzima, mofini zaidi ya nusu chupa.

Nikazirudisha kwenye dirisha la dawa la hospitali ile ile. Kijana macho kwenye simu: "Dawa ikishatoka hairudi, dada. Katupe tu." Nikatupe wapi? Maduka ya dawa ya Mwembe Tayari nayo ni hatupokei, hatupokei, ila mmoja aliyeuliza nauza bei gani. Mchana kweupe!

Mimi nakaa Kisauni. Mfuko wa taka ukiwekwa nje usiku, asubuhi ushapekuliwa wote. Mateja wa mtaani wanaijua tramadol kuliko huyo kijana wa dirishani. Tramadol basi nitaitoa kwenye karatasi, nichanganye na machicha ya kahawa na mchanga, nifunge kabisa. Lakini mofini? Marekani wanasema kama hakuna pa kuirudisha, imwage chooni, maana mtoto akiionja inaweza kumkata pumzi. Sawa, wao choo chao kinakwenda kwenye mtambo wa maji taka. Changu ni shimo, na kisima tunachoteka sote kiko nyuma ya ukuta.

Uingereza duka la dawa la mtaani linapokea dawa zilizobaki, bure, zikachomwe. Sisi tuna Bodi ya Dawa na Sumu, tuna sheria ya dawa za kulevya ya 1994, mofini ikiwa stoo ya hospitali inafungiwa kwa kufuli na kuandikwa daftarini. Ikivuka geti ni shauri yako! Kwenye kliniki za methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha heroini, kawaida mgonjwa hunywa dozi mbele ya muuguzi. Mimi nimeondoka na chupa ndani ya mkoba, nikapanda matatu.

Na kwa nini wampe nyingi hivyo? Si wangetoa ya siku chache, akihitaji arudi? Jibu mnalijua, bili.

Anayejua hospitali yenye tanuri la kuchomea inayokubali kupokea za mgonjwa aliyeko nyumbani, aandike hapa. Na msiniambie nimpe jirani mwenye mgongo, ameshakuja kuiomba.