Mashine ikosee, nitukanwe mimi! Kero za sisi wa kaunta ya ndege

Wakuu, heshima mbele. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Nafanya kazi shirika la ndege. Silitaji, bado nalihitaji. Mwaka wa kumi na moja huu: kaunta, geti, dirisha la mizigo iliyopotea, kote nimekaa. Kila mara tunaletewa mtambo mpya. Tunaitwa ukumbini, tunaoneshwa picha za abiria wanaotabasamu, tunaambiwa hii itawapunguzia kazi. Kazi haijapungua hata siku moja. Waliopungua ni watu wa kuifanya. Kaunta yetu tulikuwa sita, sasa tuko wawili na vibanda vinne vya kujihudumia. Kimoja kimeishiwa karatasi tangu asubuhi, kingine kinagoma kusoma pasipoti iliyokunjika kona. Nani anakimbia kuweka karatasi? Mimi. Nani anaambiwa "mbona foleni yenu haisogei"? Mimi huyo huyo.

Nianze na la juzi maana bado linanikaa kooni.

Ndege ya saa nane mchana. Saa saba na robo ndege yenyewe haijaruka huko inakotoka, najua kwa sababu nimempigia mwenzangu wa kule na kaniambia bado wanasubiri fundi. Natangaza: samahani, tutachelewa. Anakuja bwana mmoja wa koti la kijivu, ananisogezea simu hadi karibu na pua. "Soma hapa. Soma kwa sauti." Nikasoma kwa sauti, jamani, kama mtoto wa darasa la pili: "Kwa wakati." Akageukia wenzake: "Mmesikia? Sasa huyu anatudanganya ili iweje?"

Nyuma yangu kuna ukuta wa kioo. Nje, pale ndege inapopaswa kuegeshwa, ni lami tupu. Hata ngazi haijasogezwa. Kuna kijana wa mizigo kakaa juu ya trekta lake anachezea simu. Nikamwambia, bwana, tazama nje, ndege iko wapi? Akatazama nje. Akatazama simu. Akanirudia: "Lakini hapa wameandika kwa wakati."

Nimfanyeje mtu kama huyo? Na kusema kweli yeye simlaumu sana, nawalaumu walioitengeneza ile kitu. Aplikesheni haina macho. Inasoma ratiba, na ratiba haibadiliki mpaka mtu wa ofisi ya uendeshaji aingize muda mpya, naye haingizi mpaka awe na uhakika, kwa hiyo muda wote huo simu za watu mia moja na hamsini zinaimba "kwa wakati" mbele ya uwanja mtupu. Baadaye inaanza kudondosha nusu saa. Nusu saa nyingine. Nusu saa nyingine tena. Kila nusu saa watu wanarudi kwangu na matusi mapya, kana kwamba nazitoa mfukoni. Jioni kwenye ripoti tukaandika 93. Ndiyo namba ya kimataifa ya kusema ndege ilichelewa kufika kutoka safari iliyotangulia. Tarakimu mbili, kwisha habari. Namba ya kusema mtu wa geti ameitwa mwizi mbele ya watoto haipo.

Halafu majina. Hapa ndipo damu inanichemka.

Watu wanaona skrini zinazong'aa, rangi nzuri, vitufe vya kubonyeza, wanadhani ndani ni mambo ya kisasa. Ndani ni mzee. Mifumo ya kompyuta ya kuhifadhi nafasi za ndege ilianza miaka ya 1960, na tabia zake hazijaachwa mpaka leo: herufi kubwa tupu, jina la ukoo, mkwaju, jina la kwanza, kisha MR au MRS imegandishwa hapo hapo bila nafasi. Mwenye jina lenye ng' ya ng'ombe, kile kitone cha juu kinaliwa. Mwenye herufi yenye nukta mbili kichwani, zinaliwa. Kuna jina la Kiarabu, Amr. Ipo mifumo ikiliona inadhani ni herufi A imefuatwa na MR, basi inakata. Mtu mzima, ana familia na heshima zake, tiketi inamwita A.

Miezi miwili iliyopita alikuja bibi mmoja peke yake, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Tiketi alikatiwa na mjukuu kwa simu. Mjukuu kaweka jina la ukoo mahali pa jina la kwanza, na la baba yake akaliacha kwa sababu kisanduku kilikataa. Bibi ana majina matano. Pasipoti ile sehemu ya chini inayosomwa na mashine ina mistari miwili ya nafasi 44, na majina yote yametengewa nafasi 39 tu, kwa hiyo hata huko la mwisho limekatwa shingo. Sasa nina bibi mmoja na majina matatu tofauti: la kwenye tiketi, la kwenye mistari ya mashine, na la kwenye ukurasa wa picha. Mashine inawaka nyekundu.

Ningekuwa na ruhusa ningelisahihisha kwa sekunde kumi. Zamani nilikuwa nayo. Waliifunga, wakasema masahihisho ya majina yafanywe na kituo cha simu "ili kulinda usalama wa taarifa". Basi mimi, mfanyakazi wa shirika, nimevaa yunifomu ya shirika, nimesimama kwenye kaunta ya shirika, nikapiga namba ile ile anayopiga abiria, nikawekewa muziki ule ule. Dakika 41. Nilihesabu. Bibi kakaa kwenye kiti changu, kaweka mkoba magotini, kila baada ya muda ananiuliza, "Mwanangu, nimefanya kosa gani?" Hujafanya kosa, bibi. "Basi mbona inakuwa nyekundu?" Wakuu, nilikosa jibu.

Alisafiri, msihofu. Niliandikiwa barua kwa kuchelewesha kaunta.

Na kabla hamjasema "si ungempitisha tu": abiria akifika huko na hati zisizokubalika anarudishwa kwa gharama za shirika, na nchi nyingi zinalitoza faini juu. Faini ikija, msako unaanzia kwa aliyembonyezea.

Mizigo sasa, na hapa nitawatetea abiria. Ile karatasi tunayobandika kwenye begi ina namba ya tarakimu kumi. Tangu Juni 2018 mashirika wanachama wa IATA, kile chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yanatakiwa kufuatilia kila begi sehemu nne: linapopokelewa, linapopakiwa, linapohamishiwa ndege nyingine, linaporudishwa kwa mwenyewe. Kwa maandishi ni kitu kizuri sana. Sasa anakuja dada mmoja kwenye dirisha langu, mpole, hana kelele, ananionesha simu. Kaweka AirTag, kile kidude cha Apple cha kuonesha kitu kilipo, ndani ya begi. Ramani inaonesha begi liko kwenye uwanja alikobadilishia ndege. Kwangu skrini inasema limepakiwa, limekuja. Kwa mujibu wa utaratibu mimi nafuata skrini yangu. Nikamwambia litakuwa limechelewa kwenye mkanda, asubiri. Akasubiri saa nzima. Mkanda ukazimwa. Begi lilikuwa kule kule alikosema yeye, mtu aliliskani kisha akaliacha kwenye toroli.

Kwa hiyo juzi simu ya mwenye koti la kijivu ilikuwa inadanganya na mimi nasema kweli, na siku ile simu ya dada ilikuwa inasema kweli na mimi nimesimama pale nadanganya kwa niaba ya kampuni. Wote wawili walinitazama kwa jicho lile lile. Tofauti ni kwamba dada alikuwa na haki. Novemba 2024 Apple walitangaza njia ya abiria kutuma kwa shirika kiungo cha mahali begi lilipo. Nikauliza kwetu tunaipokeaje. Nikajibiwa "tuma kwa barua pepe, IT wataangalia". Bado wanaangalia.

Mnaikumbuka Julai 19, 2024? Programu moja ya ulinzi wa kompyuta ilitumiwa sasisho bovu, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikalala na skrini ya bluu, viwanja dunia nzima vikasimama. Nilikuwa zamu. Nilidhani leo tunapigwa ngumi. Mzee mmoja wa kwetu anayekaribia kustaafu, ambaye vijana wanamcheka kwa sababu anaandika kwa kidole kimoja, akafungua droo ya chini, akatoa bunda la bodingi pasi tupu za kuandika kwa kalamu. Sijui alizificha tangu lini. Tukaandika. Jina, namba ya ndege, kiti, geti. Mkono ulivimba.

Na je, watu walitukana? Hata! Walitusaidia. Kuna abiria alikuwa anatusomea majina kwenye orodha, mwingine kashika tochi ya simu kwa sababu taa ya kaunta nayo ilikuwa na lake. Maana siku ile kila mtu aliona kwa macho yake kwamba mashine imekufa. Kinachotuua sisi ni siku ambazo mashine iko hai na inasema uongo kwa maandishi mazuri. Hapo binadamu aliyesimama mbele yako ndiye anayeonekana mwongo.

Sasa wameleta roboti ya kuchati, na yenyewe inaahidi watu vitu. Eti badilisha safari bure, onesha mazungumzo haya kaunta. Kaunta ipi? Mimi sina kitufe cha "roboti kasema". Kuna kesi ya Kanada, Februari 2024 baraza la usuluhishi liliamua shirika la ndege limlipe abiria aliyepotoshwa na roboti ya tovuti yao kuhusu nafuu ya nauli ya msiba. Shirika lilijitetea kana kwamba roboti ni mtu mwingine anayejibeba mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi nikikosea ni "uzembe wa mfanyakazi", roboti ikikosea ni mtu baki!

Pawabanki nitasema kidogo tu kwa sababu nimechoka kubishana. Haiingii kwenye begi la kupakia chini. Haiingii. Moto wa betri ukizuka kwenye kabini wahudumu wanauona na kupambana nao, kule chini nani atauona mapema? Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na hesabu ni rahisi: ile ya mAh 20,000, yaani Ah 20, mara volti 3.7 inakuwa 74, unabeba mkononi, hakuna tatizo. Januari 2025 ndege iliungua ikiwa bado ardhini Korea Kusini, na wachunguzi walitaja pawabanki kuwa huenda ndiyo chanzo. Kwa hiyo nikikwambia fungua begi uitoe, usiniulize kama naitaka mimi. Ninazo tatu.

Ndugu zangu wa damu nao wanisikilize. Tiketi ya mfanyakazi si "kupanda bure". Ni kusubiri. Abiria wote wakishaingia, kikibaki kiti, na uzito ukiruhusu, na hakuna mfanyakazi mwenye miaka mingi kazini kuliko wewe, ndipo unaitwa. Usiniambie nikuwekee dirishani.

Na sasa niwaambie nilipo, maana nisiposema nitakuwa mnafiki. Niko sakafuni karibu na soketi kwenye uwanja si wangu, likizo siku ya kwanza, nasubiri kiti. Aplikesheni yetu ya wafanyakazi ilionesha viti saba. Saba! Nikajipanga wa kwanza kabisa, begi mgongoni, moyo mweupe. Dada wa geti akafunga mlango.

Najua sababu zote. Najua ile saba ni viti visivyouzwa, haihesabu mafuta ya ziada, wala joto la mchana linaloibana ndege uzito wa kuruka, wala mizigo iliyoongezwa dakika za mwisho. Nimewaeleza wengine sababu hizo mara elfu. Nikashtukia mkono wangu umenyooka, simu iko mbele ya uso wake, na sauti yangu mwenyewe inasema, "Lakini hapa wameandika saba."

Akaangalia kitambulisho changu kinachoning'inia shingoni. Akaniangalia mimi.

"Kaka," akasema, "hata wewe?"

Nikaomba radhi, nikaja kukaa hapa. Ndege nyingine ni saa mbili usiku. Simu inasema viti vinne.