Ngoma za asili katika mafunzo ya ualimu: tuzifundishe vipi?

Mkufunzi, Moshi
Ndugu walimu, salaam. Ninafundisha katika chuo cha ualimu hapa Moshi, na walimu tarajali wangu wanatoka mikoa mingi, kuanzia Mtwara hadi Mwanza. Kwa kuwa wengi watapangiwa vituo vya kazi mbali na kwao, ningependa wajifunze ngoma za wenzao ili wazoee watu wa desturi nyingine. Tatizo ni kwamba kila tunapojaribu, shughuli huishia kuwa burudani ya mahafali: mavazi ya kuazima, vigelegele, basi. Je, kuna aliyefanikiwa kuvuka hapo?

Mwalimu wa sekondari, Arusha
Mwalimu, mwenye ngoma ndiye aifundishe. Katika bugobogobo ya Wasukuma majembe si mapambo, kwani ngoma hiyo imetokana na kulima kwa pamoja, na mapigo ndiyo yaliyowawezesha wakulima kwenda sawa. Mchaga anayeinama na jembe hadi kiuno kimuume, huku akielekezwa na mwenzake Msukuma wa Magu, huanza mwenyewe kuuliza nani alikuwa akilima shamba la nani, na hapo ndipo somo lilipo. Kisha Msukuma naye aruke wima pamoja na Wamasai, ambao hawategemei ngoma za kupigwa: anayesubiri mapigo atakuta mdundo wote uko kooni mwa waimbaji. Ila usitoe alama kwa uzuri wa kucheza. Toa kwa maswali waliyoulizana.

Mkufunzi mstaafu, Moshi
Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili Disemba 1962, alipolihutubia Bunge na kusikitika kwamba wasomi walijua dansi za Kizungu ilhali wengi wao hawakuwahi hata kusikia ngoma za kwao kama gombe sugu au lelemama. Hata hivyo, si kila ngoma ya kuletwa darasani. Sindimba ya Wamakonde ina uhusiano na jando na unyago. Ikichezwa uwanjani mbele ya watu wanaochekelea viuno, itaongeza dharau tuliyotaka kuiondoa. Mmakonde mwenyewe aulizwe kwanza, tena faraghani, maana mbele ya darasa atakubali kwa haya tu.

Mwalimu mpya, Arusha
Shikamooni. Wapo pia wanaokataa kucheza kwa sababu ya dini. Hao wasilazimishwe, wapewe kazi ya kuwahoji wachezaji na kuandika maelezo.

Mkufunzi, Moshi
Marahaba, nanyi wengine ahsanteni. Nitaanza na bugobogobo, kwa kuwa majembe tunayo shambani kwa chuo. Sindimba nitaiacha hadi nizungumze na vijana wa Mtwara.