MyFitnessPal, Cronometer au FatSecret: programu ipi ya simu ya kuhesabu kalori inafaa kwa chakula chetu?

TausiwaMbagala
Wakuu habari za jioni. Safari hii nimeamua, kitambi kiondoke. Nimepakua MyFitnessPal na naitumia ya bure, sasa imeniletea punguzo nikilipia mwaka mzima, mwisho Ijumaa. Dada mmoja kazini anasema nisitupe hela, Cronometer inatosha. Kaka yangu yeye ni FatSecret tu, hasikii wala haambiliki. Nimetenga kama elfu themanini. Naomba ushauri wa waliotumia, sio wa kusikia kwa jirani. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Tizi
Elfu themanini umetenga, na mwezi uko kwenye kona? Nikopeshe.
Tukiacha utani, usilipie chochote. Nenda Kariakoo kanunue mizani ya jikoni, ile nyeupe inayopima hadi kilo 5. Chenji itabaki ya kununulia mboga za majani. Programu bila mizani ni ramli.

MuuguziWaZamu
Dada Tausi, hujatuambia kitu. Umri? Urefu? Uzito? Simu gani? Unapika mwenyewe au unakula kwa mama ntilie? Kuna dawa unameza? Una mimba au unanyonyesha? Na hiyo programu imekupangia kalori ngapi kwa siku? Jibu haya kwanza.

FundiSimuIlala
Wakati tunamsubiri, nichambue upande wangu.
MyFitnessPal ni kongwe, ipo tangu 2005, na orodha yake ya vyakula ni kubwa mno. Ila sehemu kubwa imeingizwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo chakula kimoja unakikuta mara nyingi na kila mtu na hesabu yake. Tangu Oktoba 2022 kuskani ile mistari ya kwenye paketi kumehamishiwa kwa wanaolipa. FatSecret kuskani ni bure. Cronometer pia bure, na vyakula vyake vingi vinatoka kwenye data zilizopimwa, kama za wizara ya kilimo ya Marekani. Mtumiaji akiongeza kitu, wanakikagua kabla ya kukiweka. Halafu haiishii kwenye kalori: inakuonyesha madini ya chuma, zinki, vitamini, jumla virutubisho zaidi ya 80. Ubaya wake ni kwamba ukitafuta mlenda au matembele utakesha.
Na huko kuskani msikupe ukubwa usio wake. Bidhaa zilizosajiliwa Tanzania namba zake huanza na 620, za Kenya 616. Skani unga wa sembe wa dukani kwa Mangi uone kama utatambuliwa. Mihogo ya sokoni ndiyo kabisa, haina hata paketi.

MkenyaMtaani
Naongezea ya @FundiSimuIlala. Mwaka wa 2018 MyFitnessPal ilidukuliwa, data za akaunti kama milioni 150 zikachukuliwa: majina ya watumiaji, barua pepe, na nywila zilizofichwa kwa msimbo. Ukijiunga, usiweke nywila ileile ya benki. Mimi hutumia Cronometer, na chakula cha huku naangalia kwenye majedwali ya vyakula ya Kenya ya 2018. Ni PDF ya bure. Githeri, mukimo, omena, zote zimo, na kuna kitabu mwenza cha mapishi. Nakopi namba, naunda chakula changu, basi.

FundiSimuIlala
Hata Tanzania tunayo, ya 2008, Muhimbili na taasisi ya chakula na lishe wakishirikiana na chuo cha Harvard. Watu hawajui tu.

Msukuma_Minnesota
Nyote mko nyuma. Tumieni MacroFactor. Haina ya bure, lakini ndiyo yenye akili: unajipima uzito kila asubuhi, unaandika unachokula, yenyewe inakokotoa mwili wako unachoma kiasi gani kweli kweli na kukurekebishia lengo kila wiki. Hizo nyingine zinakupa namba siku ya kwanza na kukuacha nayo.

Mzee_wa_Tizi
Kaka uko Minnesota, una kadi, chakula chako kina lebo. Tausi yuko Mbagala na dagaa wa fungu.

Msukuma_Minnesota
Dagaa wa fungu wanapimika. Umesema mwenyewe anunue mizani.

ShostiWaTanga
Jamani ngoja niwape yangu, maana kuna mtu ataingia kwenye shimo hili hili.
Mwaka juzi nilikuwa na programu moja, silitaji jina, nisije nikaitiwa wanasheria. Nikawa naandika kila kitu kwa uaminifu, mpaka chai ya rangi. Asubuhi chapati mbili. Naandika "chapati", inaniletea kalori 70 kila moja, nabonyeza, naendelea na maisha. Mbili ni 140, raha mustarehe! Wiki zinakatika, mizani ya chumbani haisogei. Nikaacha sukari, haisogei. Nikaanza kukimbia ufukweni Raskazone alfajiri na mbwa wananifukuza, haisogei. Mume wangu akawa ananicheka, eti labda nakula usingizini.
Siku moja mdogo wangu anayesomea lishe kaja likizo, kaniambia hebu tuzipike tupime. Kilo moja ya unga wa ngano ni kama kalori 3,640. Mafuta ya kukandia, ya kukunjia na ya kuchomea tuliyapima, yakafika mililita 150, hiyo ni kama kalori 1,240. Jumla 4,880. Zikatoka chapati 16. Gawanyeni wenyewe: 305 moja. Ile ya 70 ni chapati ya Kihindi, nyembamba, inachomwa kavu bila tone la mafuta. Mimi nilikuwa nakula 610 asubuhi, naandika 140. Karibu kalori 470 zinapotea hewani kila siku, halafu naambiwa sina nidhamu!
Tangu hapo mimi natumia tu ile inayoniruhusu kuunda pishi langu mwenyewe. Niko Cronometer: unaingiza viungo vyote vya sufuria, unapima chakula kikishaiva, unaandika uzito wa jumla, kisha unapima sahani yako. Pilau, kisamvu, ugali, vyote vinaenda. Ugali hasa, maana kalori ziko kwenye unga, maji hayana kitu. Ugali mgumu na ugali laini haviwezi kuwa sawa.

KijanaWaPosta
Kupima pima ni mambo ya kizamani. Siku hizi kuna apu unapiga picha sahani, akili bandia inakuambia kalori. Sekunde tatu umemaliza.

ShostiWaTanga
Kisamvu cha nazi na kisamvu cha maji vikipigwa picha kuna tofauti gani? Tui zito gramu 100 lina kalori kama 230. Hiyo akili bandia imeonja?

KijanaWaPosta
Unaiandikia kwamba ina nazi.

ShostiWaTanga
Nazi kiasi gani? Ndio tumerudi kwenye mizani, mwanangu.

TausiwaMbagala
Samahanini, umeme ulikatika. Majibu: miaka 34, sentimita 160, kilo 86. Simu Android. Mchana nakula kazini kwa mama ntilie, usiku nyumbani. Imenipangia kalori 1,200.
Tatizo ambalo sikulisema, usiku napika mimi lakini tunakula sinia moja, mimi, wifi na watoto. Hapo napimaje?

MuuguziWaZamu
Nimepiga hesabu kwa kanuni ya Mifflin-St Jeor: kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kwa mwanamke toa 161. Unapata 1,529. Hizo mwili wako unatumia ukiwa umelala tu. Ukiongeza kutembea, kufua na kupanda daladala, unakaribia 2,100. Kushuka hadi 1,200 ni kuruka ngazi zote kwa mpigo. Angalia uliweka kasi gani ya kupungua; wengi wanachagua kilo moja kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili inakadiriwa kalori 7,700, yaani upungufu wa 1,100 kila siku. Weka nusu kilo au chini.
Na bado hujajibu: dawa? Mimba? Kunyonyesha?

PwaniHalisi
Kuhusu sinia: usije ukawatenga wifi na watoto na sahani yako kama mgeni wa serikali. Kwetu Mikindani mtu akijitenga na sinia, kesho wazee wanaitwa. Pakua wali wako kwenye bakuli, pima, kisha umwage upande wako wa sinia. Unakula papo hapo, mkono hauvuki mpaka. Mchuzi vijiko ulivyozoea.

Mzee_wa_Tizi
"Mkono hauvuki mpaka." Na nyama ikiwa upande wa wifi?

PwaniHalisi
Nyama hugawa mwenye nyumba, mzee. Hamkufundishwa?

MkenyaMtaani
Hebu turudi kidogo. @ShostiWaTanga, kilo moja unatoa chapati 16? Huku pakiti ya kilo 2 inatoa 20, yaani 10 kwa kilo. Kwa hesabu yako hiyo ni 488 kwa chapati moja. Nimekaa chini.

ShostiWaTanga
10? Hizo ni chapati au magodoro?

FundiSimuIlala
Mama ntilie wa hapa kwetu anatoa 22, ukiinua unasoma gazeti. Kwa mwenye kitambi huyo ndiye daktari.

MkenyaMtaani
Chapati isiyoshiba si chapati. Hamjui kupika huko.

PwaniHalisi
Mambo ya chapati waachieni Mombasa na Tanga, nyinyi wa bara subirini ugali.

Msukuma_Minnesota
Ugali ndiyo jibu. Na MacroFactor.

TausiwaMbagala
Nyie mmenichekesha mpaka mtoto kaamka. Muuguzi, ndiyo, nanyonyesha, ana miezi mitano. Sikudhani inahusu.

MuuguziWaZamu
Inahusu kuliko vyote vilivyoandikwa hapa! Kutengeneza maziwa kunakula kama kalori 500 kwa siku juu ya zile nilizokupigia. Achana na 1,200 leo leo, usisubiri Ijumaa. Ukienda kliniki kupima mtoto, mwambie mhudumu unataka kupungua, akupangie taratibu. Programu kama unataka ya kuangalia chuma na kalsiamu, Cronometer ya bure itakuonyesha. Ya kulipia sioni haja kwa sasa.

FundiSimuIlala
Naunga mkono. Ila kama MyFitnessPal umeshaizoea, ya bure nayo inakuruhusu kuunda mapishi. Na popote ukianza majaribio ya bure ukaweka kadi, kumbuka kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Unaingia Play Store, sehemu ya malipo na usajili, unasitisha huko.

Msukuma_Minnesota
Muuguzi hujasema kitu kuhusu MacroFactor.

MuuguziWaZamu
Sijasema kwa sababu anayenyonyesha hatakiwi kukimbizana na lengo jipya kila wiki.

TausiwaMbagala
Ahsanteni. Mizani nitanunua Jumamosi. Ya programu bado nimegawanyika, kaka naye kaniambia FatSecret tutaweza kuonana milo yetu, na mimi napenda kuona anaandika nini kuhusu zile nyama choma zake.

Mzee_wa_Tizi
Mizani ukinunua jaribu kwanza na pakiti ya chumvi ya nusu kilo, zingine zinadanganya.

Mwembamba_Dodoma
Wakuu mimi nina kilo 51, nataka kunenepa. Ile chapati ya 488 mapishi yake yako wapi?

MkenyaMtaani
Njoo inbox.

MuuguziWaZamu
Umri? Urefu? Unavuta sigara? Umepima minyoo?

ShostiWaTanga
Mwembamba fungua uzi wako.